Pai Iliyorudi Nzima

Bi. Velda Treece anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na kwangu, katika nyumba nyeupe ya mbao ambayo mumewe Harlan aliijenga mwenyewe wakati akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Mimi huwakatia nyasi, natengeneza bomba likivuja na mlango ukianza kulia. Kazi ikiisha hunipa kahawa, nami hukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni.

Si mzaliwa wa hapa Bledsoe Creek. Alitoka Missouri, kule tambarare kwenye mashamba ya pamba, akiwa mjane na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Maisha yake yote ya kazi alipika katika jiko la shule. Alikutana na Harlan kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani, wote wawili wakikitaka kibanio kimoja cha kuvunjia pekani, zile njugu za mtini zenye ganda gumu. Harlan akapandisha bei mpaka akakipata, kisha akamfuata mama wa watu hadi kwenye gari lake akampa.

"Nilitaka kuona kama utakasirika," alimwambia.

"Nimekasirika," Bi. Velda akajibu, akakipokea.

Walioana kabla pekani za mwaka ule hazijaanguka.

Harlan alikuwa na mke kabla yake, Oleta, aliyefariki kwa maradhi ya muda mrefu. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba, na hapa kwetu hakuna aliyemsahau. Alimwachia Harlan binti mmoja, Jerilyn, ambaye ni mtu mzima sasa na ndiye anayesimamia duka la vyakula vya mifugo pale njia panda. Jerilyn ana mabega ya baba yake na ulimi wa mama yake. Baba yake alipooa tena hakugomba. Alikuja kanisani, akapiga makofi na wenzake, akaondoka kabla ya keki.

Sasa niseme juu ya Jumapili ya Makaburi. Kila mwezi wa tano tunakwenda makaburini, tunang'oa magugu, tunasafisha mawe, tunaweka maua, na ibada ikiisha tunakula pamoja kwenye meza ndefu chini ya mialoni. Chakula cha siku hiyo kina wenyewe. Hakuna aliyepanga wala kutangaza, lakini kila mtu anajua. Mayai ya kujazwa ni ya Nelda Fay. Kuku wa kukaanga ni wa mke wa mchungaji. Mwanamke mwingine hawezi kuleta kuku, hata kama wake ni mtamu zaidi, kwa sababu itakuwa kama kumwambia mwenzake akae pembeni. Na ile pai ya chokoleti yenye tabaka, ambayo sisi tunaiita pai ya posamu, ilikuwa ya Oleta. Haina nyama yoyote ndani yake. Tunaiita hivyo kwa sababu posamu ni mnyama anayejifanya amekufa, na hiyo pai nayo hujifanya ni krimu tupu, kumbe chokoleti imejilaza chini. Oleta alipokufa hakuna aliyeileta tena. Mwisho wa meza, pale ilipokuwa ikikaa, watu walisogeza jagi la chai baridi, wakapaacha hivyo.

Haya yote Harlan aliyajua, na hakumwambia mkewe hata moja. Bi. Velda alipomuuliza apike nini kwa siku ile yake ya kwanza, yeye alikuwa anatafuta miwani yake.

"Peleka unachokijua vizuri, mama," akasema.

Anachokijua vizuri ni pai hiyohiyo. Nilikuwa pale Jumamosi nikifunga wavu wa dirisha, nikamwona akiitengeneza, na tangu hapo nimemwona mara nyingi, na sijawahi kuchoka kumtazama.

Huanza na pekani. Anazichambua moja moja kwa kidole gumba, akitafuta vipande vya ganda, kisha anazikatakata kwa kisu, si kwa mashine, maana mashine anasema inazitoa mafuta. Anazichanganya na unga na siagi, anaukandamiza mchanganyiko kwenye chombo cha kioo kwa vifundo vya vidole, anautia ndani ya oveni. Hatazami saa. Anaendelea na shughuli nyingine huku pua ikiwa kazini, na ghafla anageuka na kuutoa, na kila mara kitako hicho cha pai kinakuwa na rangi ya ngozi ya farasi.

Halafu anangoja. Watu wengi hawajui kwamba kazi kubwa ya pai hii ni kungoja. Kitako kikiwa na joto hata kidogo, jibini laini utakayoipaka juu yake itayeyuka. Kwa hiyo anakipeleka dirishani, na wakati huo anaipiga jibini na sukari kwa mwiko mpaka inakuwa nyororo kama losheni. Akishaipaka anaiweka kwenye friji. Ndipo anapopika ile chokoleti: viini vya mayai, maziwa, sukari, kakao, chumvi kidogo na wanga wa mahindi, vyote katika sufuria nzito, akikoroga taratibu kwa umbo la namba nane ili pembe za sufuria zisiachwe. Inaanza kama chai ya maziwa, inakuwa uji, na mwisho inatoa povu moja moja lenye kupumua. Anaiepua, anaifunika kwa karatasi ya nailoni iliyogusa uso wake isije ikafanya ngozi, na anangoja tena, mpaka kiganja chake kikiwa chini ya sufuria hakisikii joto wala baridi. Hapo tu ndipo inapomwagwa juu ya jibini. Krimu ya juu huipiga kwa mkono, na huku akiipiga huwa anaongea na Harlan aliye barazani, bila kupaza sauti, na Harlan haachi kujibu "ndiyo" hata asiposikia.

Jumapili ile aliibeba mapajani njia nzima, ndani ya boksi lenye barafu. Alipofika aliona nafasi mwisho wa meza, akaliondoa jagi la chai, akaiweka pale. Mazungumzo yakapungua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Buford Sisk, mzee mmoja mpenda vitu vitamu, na nilimwona akinyoosha mkono na kijiko chake, na nikamwona mkewe akimkanyaga mguu.

"Nimefanya nini?" Buford akanong'ona.

"Bado hujafanya. Ndiyo nakuzuia," mkewe akamjibu.

Jerilyn akaja na sahani yake. Akasimama mbele ya ile pai.

"Hii nani kaleta?"

"Mimi," akasema Bi. Velda. "Kata, mwanangu, bado ina ubaridi."

"Mimi si mwanao, Bi. Velda. Na hapa chokoleti ina mwenyewe."

"Kumbe. Samahani, sikujua. Yuko wapi nimwombe radhi?"

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, akiangaza macho kwenye meza amwone huyo mama. Jerilyn aliinua kidevu kuelekea makaburini, upande wenye jiwe la waridi na maua mapya.

Hakuna aliyeigusa. Watu walikula, wakaongea juu ya mvua na bei ya nyasi kavu, wakala keki ya ndizi, na ile pai ikakaa pale ikianza kutoka jasho. Wakati wa kuondoka Bi. Velda aliifunika, akawaaga watu mmoja mmoja kwa majina aliyokwisha kuyashika, akaingia kwenye pikapu na pai yake mapajani, nzima kama alivyoileta.

Nilikwenda kwao jioni kurudisha ngazi. Walikuwa mezani, kila mmoja na kipande.

"Nilipaswa kukwambia," Harlan alikuwa akisema.

"Ulipaswa," akasema Bi. Velda. "Kaa, Orval, chukua sahani. Maziwa na mayai hayana kosa." Kisha akamgeukia mumewe. "Mimi sikuja kukaa kwenye nafasi ya marehemu. Nilikuja na pai tu."

Harlan alikula huku kichwa kimeinama.

Tangu siku ile Jerilyn hakuingia tena katika nyumba ya baba yake. Si kwamba alimsusa mzee. Alikuwa akija kila wiki kumletea chakula cha kuku wake na habari za mjini, lakini alisimamisha gari kwenye kokoto, akapiga honi, akashusha kioo. Harlan alitoka na kofia yake, akaegemea mlango wa gari, wakaongea. Wakati wa baridi kali alitoka na blanketi mabegani. Bado alisimama mpaka binti amalize.

Bi. Velda aliwatazama kutoka dirishani huku akiosha vyombo. Siku moja nilikuwa chini ya sinki na koleo langu, akaniambia kitu ambacho sidhani alimwambia mtu mwingine.

"Sitaki anipende, Orval. Nimeshapendwa vya kutosha. Nataka ashuke kwenye gari, akae, ale na baba yake. Mzee atapata kichomi pale kwenye kokoto."

"Mwambie," nikasema.

"Nikimwambia atashuka kwa sababu nimemwambia. Halafu atakaa kama mtu aliye kwa daktari wa meno."

Hakusema na mtu mwingine. Angeweza kuchukia, au kukaa nyumbani kila Jumapili ya Makaburi, au kupika kitu kikubwa cha kuwafunika wote, na uwezo huo alikuwa nao. Hakufanya hata kimoja. Aliulizauliza polepole ni chakula gani hakina mwenyewe, akaambiwa maharage mabichi, kwa kuwa aliyekuwa akiyaleta alihamia kwa mwanawe Texas. Basi kila mwaka alileta maharage. Aliyapika na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, mpaka Buford akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuhitaji maharage maishani mwake, lakini haya anayahitaji. Na kila mwaka kabla ya ibada nilimwona akienda kwenye jiwe la waridi, akiinama kwa shida ya magoti, aking'oa magugu ambayo Jerilyn hakuyaona. Alifanya hivyo mapema, kabla gari la Jerilyn halijafika.

Pai hakuacha kuitengeneza. Aliitengeneza nyumbani, akaipeleka palipokuwa na ugonjwa au uzazi. Mama yangu alipofariki, nyumba yangu ilijaa vyakula kama ilivyo desturi yetu, maana hapa mfiwa hapiki. Majirani ndio wanaomlisha mpaka atakapoweza kusimama. Meza ilijaa hadi nikaweka vyungu kwenye mashine ya kufulia. Pai ya Bi. Velda niliikuta barazani asubuhi, ndani ya boksi la barafu, na yeye ameshaondoka. Niliila yote peke yangu katika siku zile, kwa kijiko, nimesimama mbele ya friji. Ilikuwa kitu pekee nilichokisikia ladha.

Mwaka jana, mwishoni mwa majira ya baridi, akafiwa yeye. Dada yake Imogene, ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye, alianguka kule Missouri na hakuamka. Walikwenda kuzika, yeye na Harlan, wakarudi siku ya pili wakiwa wamechoka.

Nilivuka barabara asubuhi kuwawashia moto, na nilipoingia jikoni niliona meza tupu. Hakukuwa na chungu, sufuria wala mkate uliofungwa kitambaa. Nadhani watu hawakuwa na ubaya. Nelda Fay aliniambia baadaye kwamba alitoa kuku kwenye friza akamrudisha, akamtoa tena, kwa sababu marehemu hakuna aliyemjua, na hakujua kama kufiwa kwa mbali hivyo kunahesabiwa. Lakini Bi. Velda alikuwa amekaa kwenye meza ile, mikono ameiweka mbele yake, na hakuwa amepika chochote. Miaka yote hiyo alikuwa ameishika desturi yetu, na sasa alikuwa anaingoja imshike yeye.

Harlan alikuwa anakaanga mayai. Yalikuwa meusi pembezoni.

"Kula, mama."

"Nitakula."

Nilirudi nyumbani mbio nikaleta mkate wa mahindi na chungu cha maharage. Akainua kifuniko, akatabasamu kidogo.

"Umekuja kunilisha maharage yangu mwenyewe, Orval?"

"Ndiyo ninayoyaweza," nikasema.

"Yana chumvi nyingi," akasema, baada ya kuonja ncha ya kijiko.

Kama saa moja baadaye tulisikia gari kwenye kokoto. Harlan akachukua kofia yake na kungoja honi. Honi haikulia. Tukasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na miguu ikipanda ngazi za baraza, na Harlan akabaki ameshika kofia katikati ya jikoni kama mgeni.

Jerilyn aliingia bila kubisha, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Alikuwa bado na aproni ya dukani. Alibeba chombo kilichofunikwa kwa karatasi ya foili, akakiweka mezani mbele ya Bi. Velda, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Pole kwa dada yako, Bi. Velda."

"Asante, Jerilyn."

"Nimeleta hiyo. Usiifungue mbele yangu."

Harlan, ambaye hajawahi kusikia neno usifanye, alikuwa ameshaifungua. Ilikuwa pai ya posamu, au ilikusudiwa kuwa hiyo. Chokoleti ilikuwa imezama ndani ya jibini, jibini imepanda juu ya chokoleti, na krimu inaelea pembeni kama povu la sabuni.

"Inafanana na mto wetu baada ya mvua," Harlan akasema.

"Baba."

"Sijasema ni mbaya. Huo mto naupenda."

Jerilyn alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Nilimwaga uji ukiwa moto," akasema, akimwangalia Bi. Velda, si baba yake. "Nilitaka niwahi kabla ya kufungua duka. Sijawahi kuifanya. Mama alikuwa ananifukuza jikoni, anasema nafungua friji kila dakika kuchungulia. Alikuwa anasema nitajifunza nikitulia. Sasa nimetulia, na yeye hayupo." Akaishika aproni yake, akaikunjakunja. "Nilitaka kuleta kitu kingine. Lakini mfiwa anapelekewa kile kizuri kabisa ulichonacho kwenu. Kwetu ni hicho."

Bi. Velda akamgeukia mumewe. "Harlan, lete vibakuli," akasema. "Hii haikatwi, inachotwa."

Alijichotea wa kwanza. Sote tulimtazama. Alikula kijiko kimoja kwa makini, kama anavyoonja mchuzi wa watu wengi.

"Chumvi uliweka."

"Kidogo."

"Wengi wanaisahau. Na kitako kimeiva sawasawa."

"Usinidanganye, Bi. Velda."

"Nimelisha watoto wa shule maisha yangu yote. Hao ukiwadanganya kuhusu chakula hawakuamini tena hata ukisema leo ni Jumanne. Tabaka zimekushinda. Ladha haikukushinda." Akachota tena. "Hii ni tamu, Jerilyn. Nilikuwa sijala kitu tangu Missouri."

"Na mayai yangu je?" Harlan akauliza.

"Nilikuwa sijala kitu," Bi. Velda akarudia.

Jerilyn alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia. Bi. Velda akajaza bakuli jingine, akalisukuma hadi upande wa pili wa meza, akaliacha. Hakumwambia kaa. Harlan alivuta kiti nje kidogo kwa mguu, kisha akajifanya anatafuta sukari. Jerilyn alilichukua bakuli, akala kijiko cha kwanza amesimama, funguo za gari bado zimening'inia kidoleni. Akala cha pili. Kisha akaweka funguo juu ya meza na kukaa.

Harlan hakuipata sukari. Aliendelea kuitafuta kabatini kwa muda mrefu, ametupa mgongo, na mimi nikaangalia moto ili nisimwangalie yeye.

"Mwezi wa tano," Jerilyn alisema baada ya kukwangua bakuli, "nitakuja Jumamosi yake. Unioneshe pale pa kungoja, unajuaje kwamba imepoa. Lakini mezani naipeleka mimi."

"Ni yako," akasema Bi. Velda. "Mimi nina maharage."

"Na usiniache nifungue friji."

"Nitakupiga na mwiko."

Gari la Nelda Fay lilikuwa linakunja kona, na nyuma yake la mke wa mchungaji. Nadhani waliona gari la Jerilyn limesimama pale bila mtu ndani, wakajua la kufanya. Nilinyanyuka niwafungulie mlango. Jerilyn hakuwaona. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya meza ya baba yake, akamuuliza Bi. Velda kitu ambacho sisi wengine wote, hata mimi na maharage yangu, hatukuwa tumekiuliza.

"Huyo dada yako, Imogene. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bi. Velda akaweka kijiko chini. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mkorofi," akasema. "Vuta kiti karibu, nikwambie."